Hela ya tiketi za Hope na Calvin imegeuka tairi, alafu mtu anatwambia "si vichuo tu hivyo"

Wakuu habari za saa hizi. Najua huko nyumbani wengi mmelala, mimi huku Grand Rapids, Michigan, Marekani, ndo kwanza nimetoka shifti, hata nyumbani sijaingia, nimekaa kwenye gari hapa nje injini inaunguruma na naandika kwa vidole vya baridi, sababu nikiingia ndani na hasira hizi dogo ataniuliza "baba tiketi umeziona?" na sina jibu. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kwenye vichekesho. Sicheki.

Iko hivi. Jumamosi hii Calvin, chuo cha hapa mjini, wanaenda Holland, mji wa jirani, kucheza na Hope, chuo cha huko. Kikapu, wanaume. Mechi ya Februari, ligi ya konferensi, yani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, inaelekea ukingoni, na wote wawili bado wako kwenye mbio. Sisi tunaoongea Kiswahili hapa mjini, Wabongo wachache, Wakenya wawili watatu na Wakongo ndo wengi, tulikubaliana tangu kabla ya Krismasi kwamba mwaka huu tunaenda wote, watu 14, van ya kuazima, maandazi na chai kwenye chupa, yani safari ya kueleweka. Kila kichwa dola 20, tiketi na mafuta humo humo. Tukamkabidhi jamaa mmoja, jina silitaji, atajijua akisoma maana humu yumo, kazi yake ilikuwa moja tu duniani, kununua tiketi mapema.

Mwezi mzima namuuliza kwenye grupu, vipi mkuu tiketi? Anajibu "tulieni". Wiki iliyofuata, "tulieni wakuu mambo yapo". Wiki ya tatu akaandika maneno ambayo nimeyapiga skrinshoti na nitayatunza mpaka nazeeka: "Sasa nyie mnahangaika nini, hivi si vichuo tu, tunanunua mlangoni, hakujai hapo."

Hakujai hapo!

Jana nikasema ngoja niingie mwenyewe onlaini nihakikishe. Zimeisha. Nimerifreshi kurasa mpaka simu ikapata moto mkononi, zimeisha. Nikampigia, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Nikatuma meseji, kasoma, kauchuna. Ilipofika saa nne usiku ndo katuma voisi noti ya dakika mbili, dakika moja na nusu nzima anakohoa na kulaumu theluji, sekunde za mwisho anasema hela "ipo salama" ila kaiweka kwa muda kwenye tairi za baridi za gari lake. Tairi! Watu 14 tumemnunulia mtu tairi!

Mzee wetu mmoja wa Uvira, tunamwita Papa, mtu mpole hata ukimkanyaga anakuomba samahani yeye, kaandika kwenye grupu mstari mmoja tu: "Ndugu, sasa makuta yetu iko wapi?" Mpaka sa hivi hakuna aliyemjibu.

Sasa wakuu kinachoniuma sio dola 20. Dola 20 nafanya ovataimu inarudi. Kinachoniuma ni lile neno "vichuo". Kwa sababu huyu bwana hakufanya uzembe kwa bahati mbaya, kafanya kwa dharau, angekuwa ameambiwa ni mechi ya NBA kule Detroit angelala na laptop kifuani asubiri tiketi zifunguliwe. Kaona chuo hakina jina kwenye tivii basi kwake ni ndondo. Na najua humu wapo wengi wenye akili kama yake, kwa hiyo ngoja niwaeleze taratibu.

Hii konferensi wanayochezea, MIAA, ilianzishwa 1888. Kikapu chenyewe kama mchezo kimebuniwa 1891. Yani konferensi ni kaka wa mpira. Na hizi timu mbili zinapigana vikumbo zaidi ya miaka 100 sasa, babu kacheza, baba kacheza, mjukuu yuko benchi anasubiri kuingia.

Alafu chanzo cha ugomvi wao wala sio mpira, ni kanisa. Waholanzi walikuja huku 1847 wakaanzisha huo mji wa Holland, wote kitu kimoja, kanisa moja. Kufika 1857 wakagombana, wengine wakajitoa wakaanzisha kanisa lao. Waliobaki ndo wenye Hope, waliojitoa ndo wenye Calvin. Mtu wa nyumbani anaelewa haraka, si na Simba na Yanga mwanzo walikuwa kitu kimoja? Ndo maana hawa wazee wa Kiholanzi ambao wiki nzima hawapandishi sauti, wanakusalimia kwa kunong'ona kama wako ibadani, siku ya hii mechi unamkuta babu wa miaka sabini kasimama kwenye kiti anamuuliza refa kama ana macho.

Mwaka 1997 wakaipeleka hii mechi uwanja mkubwa hapa mjini, Van Andel, wakaingia watu 11,442. Divisheni ya tatu hiyo, ngazi ya chini kwenye michezo ya vyuo! Wachezaji wasiopewa hata senti ya skolashipu ya michezo, mtoto anasoma uinjinia au uuguzi, asubuhi yuko maabara jioni anapiga ribaundi. Na Calvin tumebeba ubingwa wa taifa wa divisheni mara mbili, 1992 na 2000. Hope wanaume bado, fainali wamefika wakakosa, na hilo hatuachi kuwakumbusha (ingawa dada zao wametunyamazisha, wanawake wa Hope wanazo tatu, 1990, 2006 na 2022, na msimu wa 2020 walikuwa 29 kwa 0 hawajafungwa korona ikaja ikafuta mashindano, hapo hata mimi wa Calvin niliwahurumia).

Sasa ukumbi wa Hope, DeVos Fieldhouse, unabeba watu kama 3,400 tu. Ingekuwa Van Noord, ukumbi wetu wa Calvin, kuna viti 5,000, labda "tunanunua mlangoni" ingekuwa na nafasi ya kuishi. Kule kwao ikija Calvin, kutegemea mlango ni sawa na kwenda stendi ya mkoa tarehe 23 Desemba ukitegemea siti ya dirishani. Kila mtu wa huku anajua. Supavaiza wangu katoka Hope, jirani yangu kwenye laini ya kazi mke wake katoka Calvin, tangu Jumatatu wanarushiana maneno juu ya mashine, wameshawekeana dau la donati za shifti nzima. Mimi nikawa najitapa "sisi tunaenda 14". Kesho naingiaje pale?

Na mimi nilianzaje kupenda huu mpira, hata sikupenda. Mwaka wangu wa kwanza huku nabeba boksi, baridi imenitia ukichaa, ghorofa ya chini naishi peke yangu, jamaa wa kanisani akaniambia twende ukae sehemu yenye joto na watu. Nikaenda kwa ajili ya hita, kweli tena. Nikakaa nyuma ya bibi mmoja wa Kizungu ana miaka themanini na ushee, ana daftari la mkono la mistari anaandika kila pointi kwa penseli, kila faulo, na penseli ikiisha makali anatoa kichongeo kwenye pochi. Hapigi kelele. Kipindi cha pili zikiwa zimebaki dakika chache timu zimelingana, akageuka nyuma bila kuniuliza jina akaniwekea pipi ya mnanaa mkononi, akageuka mbele akaendelea kuandika. Baadae naambiwa ndo desturi yao, ibada ikiwa ndefu wanapitishiana zile pipi kwenye mabenchi ya kanisa, mahubiri yanaenda na pipi. Nikaelewa nimekaribishwa. Toka siku hiyo niko Calvin, na dogo wangu kazaliwa humo humo.

Dogo ana miaka saba. Kuna goli la kikapu uchochoroni nyuma ya nyumba, theluji imepanda mpaka magotini, kila jioni anachukua koleo anafukua duara dogo la kusimama, duara tu, anapiga mitupo yake kumi na glovu mkononi ndo anaingia kula. Kwenye friji kabandika karatasi ya kuhesabu siku. Leo asubuhi imebaki namba 3. Sasa huyo nikamwambie nini, kwamba mjomba wako kaona tairi ni muhimu?

Na kinachochekesha kwa uchungu, Holland ni kilomita 50 hivi tu toka hapa, unapanda I-196 umefika, ila Februari ile barabara inapokea theluji ya Ziwa Michigan, unaendesha huoni hata mkia wa gari la mbele. Tairi za kutufikisha tunazo sasa. Mpya. Za kwetu. Hatuna pa kwenda nazo.

NYONGEZA: Nimeona komenti zenu. Wewe uliyeandika "si mkaangalie onlaini kwani lazima muingie", mkuu wewe arusi unaenda au unatumiwa video? Onlaini tunaangalia mechi zote za ugenini, Adrian, Alma, Kalamazoo, picha inagandaganda mchezaji kanyanyuka anatupia anabaki hewani kama sanamu, ikirudi wenzio wameshakimbia upande wa pili. Tunavumilia. Lakini hii sio ya kuangalia sebuleni na soksi.

Na wewe uliyesema mweka hazina naye binadamu, tumsamehe, kuna dharura: dharura unaisema siku inapotokea. Angesema Januari "wakuu nimekwama hela nimeitumia", hakika tungenuna siku mbili, tukachanga tena, tukanunua. Alichofanya ni kutuandikia "tulieni" mara tatu huku anajua mfuko mtupu. Hapo dharura iko wapi.

Kuna mwingine kauliza kwani kwa nini hatukununua kila mtu yake. Swali zuri, linaniuma, nimeliruka.

NYONGEZA 2 (Alhamisi jioni): Presha imefanya kazi kidogo. Kamrudishia Papa dola 20 zake, na wamama wawili wa Bukavu nao wamerudishiwa maana walimfuata mpaka kazini kwake wakakaa kwenye viti vya wageni hawasemi kitu, wanamwangalia tu. Sisi 10 bado (yeye ndo wa 14, simhesabu).

Kubwa zaidi, mke wangu anafanya usafi kwenye nyumba moja ya wazee, kawasimulia huko, mzee mmoja wa Hope, wa Hope jamani, mpinzani, kasema nyonga inamsumbua na mke wake hataki kwenda peke yake kwenye barafu, tiketi zao mbili tuzichukue, bei ile ile waliyonunulia. Sharti moja tu, tusivae maruni, rangi ya Calvin, sababu viti viko katikati ya watu wake na anataka mwakani aweze kurudi kukaa hapo.

Kwa hiyo nina tiketi mbili. Dogo moja, hiyo haina mjadala, japo kumvua jezi ya maruni itakuwa vita nyingine. Ya pili nimeshindwa kuamua. Papa hajawahi kuingia ukumbini hata siku moja, miaka yote anaangalia kwenye simu ya mwanae yenye kioo kilichopasuka, na yeye ndo alikuwa wa kwanza kutoa hela, alinipa noti za dola moja moja ishirini zimefungwa na mpira wa nywele. Ila na mimi jamani. Nimewaza nimpe yeye aingie na dogo, mimi nibaki kwenye maegesho na redio, alafu nikawaza tena nikaona nitalia kwenye gari la watu.

Niko hapa sebuleni na hizo tiketi kwenye simu nazitazama, na wakati naandika huu mstari grupu imelia. Ni yeye. Tangu ile voisi noti kimya, simu hapokei, leo kaandika haraka haraka bila hata salamu:

"Mkuu naskia umepata mbili. Hiyo ya pili ina mwenyewe? Usafiri mimi ninao, tairi mpya."