Mhadhiri anayeonewa na wanafunzi wake aanzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, ninafundisha takwimu chuoni kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Tangu nilipokataa kusogeza mbele tarehe ya kukusanya kazi, wanafunzi wapatao watano huniiga sauti kila ninapogeukia ubao, na wamenirekodi kwa siri wakasambaza vipande vilivyokatwa ili nionekane silijui somo. Mkuu wa idara alinijibu kwamba mwalimu hodari hulimudu darasa lake. Je, huu ni uonevu, au ni mimi niliyeshindwa kazi?

Jibu la kwanza
Pole sana, mwalimu mwenzangu. Huo ni uonevu. Watu hudhani kwamba mwenye kutoa alama ndiye mwenye nguvu siku zote, lakini mkataba wako ukitegemea fomu za tathmini zinazojazwa na wanafunzi haohao bila majina, sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo mikononi mwao, nao wanalijua hilo. Tathmini zenyewe si mizani ya haki: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2015, mwanamume na mwanamke walifundisha kwa intaneti, kila mmoja akijitambulisha kwa jina lake katika kundi moja la wanafunzi na kwa jina la mwenzake katika kundi jingine; aliyedhaniwa kuwa mwanamke alipewa alama za chini hata katika kurudisha kazi mapema, ingawa zote zilirudishwa kwa wakati mmoja.

Jibu la pili
Nakubali, ila tusimwite mwonevu kila mwanafunzi anayelalamikia alama zake. Hiyo ni haki yake. Heinz Leymann, aliyechunguza uonevu kazini nchini Sweden, alitumia kipimo cha angalau mara moja kwa wiki kwa angalau miezi sita. Wewe usisubiri miezi sita. Andika leo tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwapo, na uvihifadhi vile vipande.

Jibu la tatu
Kisha umwandikie mkuu wa idara rasmi, kwa sababu malalamiko ya mdomo hayaachi alama yoyote. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unagusa pia unyanyasaji unaohusisha watu wasio waajiriwa. Kama nchi yako imeuridhia, utaje. Usiende peke yako iwapo kuna chama cha wafanyakazi.

Muuliza swali
Nawashukuru. Nilianza kuandika jana usiku nikidhani matukio ni matatu au manne. Nimefika la kumi na moja, na bado sijamaliza mwezi wa kwanza.