Nimekuta kundi la kuongelea kujiua kwenye simu ya mdogo wangu. Nimtoe au nimwache?

Wakala_wa_Stendi (mwanzisha mada)

Habari za usiku wanajukwaa. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana najua wengine mtakimbilia kwenye maombi kabla hata sijafika katikati.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, kibanda changu kipo jirani na stendi hapa Tanga. Naishi na binti yangu na mdogo wangu wa kiume, miaka 22, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa chuo, mwaka jana ada ikagoma akarudi nyumbani. Tangu arudi hana neno na mtu. Mchana analala, sahani anairudisha nusu, usiku unaona mwanga wa simu chini ya mlango. Nilijua ni kubeti.

Jumamosi umeme ulikatika mtaani kwetu, akanipa simu nikaichajie kibandani. Meseji zikawa zinaingia mfululizo mpaka wateja wananiangalia. Nikaifungua niizime sauti. Sitawadanganya, nikasoma.

Ni kundi la Telegram, watu mia tatu na kitu. Wengi wanaandika Kiswahili, wetu na wa Kenya. Habari yao ni moja tu, kufa. Mtu anaandika amechoka, thelathini wanamjibu "tupo pamoja". Mwanzoni nikaona ni watu wa kufarijiana. Nikapandisha juu zaidi. Kuna binti alitaja siku. Siku kabisa, na mwezi. Wakamjibu "safari njema dada", "nenda kapumzike", na vipicha vya mishumaa. Hakuna aliyemuuliza uko wapi, uko na nani. Baada ya siku hiyo jina lake silioni tena. Nimelitafuta mpaka macho yakaniuma. Mteja alikuwa dirishani anataka kutoa elfu kumi, nikamhesabia elfu ishirini.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikulifuta palepale.

Mwaka 2019 nilijifungua mtoto ameshafariki. Miezi minane. Mwenye mtoto alisafiri kikazi, hiyo kazi mpaka leo haijaisha. Jirani mmoja akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la wanawake waliopoteza watoto, tulikuwa tisa. Usiku mmoja niliandika mule kwamba sioni sababu ya kuiona asubuhi. Ilikuwa saa nane. Mama mmoja wa Singida, ambaye hadi leo sijamtia machoni, akanipigia. Hakunipa pole, wala hakunihubiria. Akauliza, "Leo umekula nini?" Nikamwambia chai. Akasema, "Basi inuka washa jiko, mimi nipo." Nikapika uji, simu nimeilaza juu ya mfuniko wa ndoo, yeye ananisimulia ng'ombe wao aliyepotea na mzee aliyemficha. Tulikata simu adhana ya alfajiri imeanza.

Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niseme haya makundi ni ya shetani. Mojawapo ndilo lililonifikisha asubuhi. Lakini hili la mdogo wangu linanitia ubaridi. Nikimtoa kwa nguvu, si nitakuwa nimemtoa mahali pekee anapofungua mdomo? Na nikimuuliza wazi, si nitakuwa namtia wazo ambalo labda lilikuwa halijakaa sawa?

Na msiniambie niende polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, cha kumshtaki aliyejaribu kujiua, nakijua.

---

Mzee_Kigoda

Binti, haya mambo hayatamkwi ndani ya nyumba. Vunja laini, mnunulie simu ya tochi, mtafutie kazi ya kubeba hata matofali. Kijana wa miaka 22 analala mchana! Kujiua ni mambo ya Wazungu na upweke wao, sisi tuna ndugu.

---

Nesi_Mstaafu_Dom

Mwanangu Wakala, pole. Kwanza kabla sijaendelea: usiku huu usimwache alale chumba cha peke yake. Rudi usome mengine baadaye, hilo lifanye sasa.

Mzee wangu Kigoda, shikamoo. Kwa heshima yako, Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo tatu ya watu wanaojiua wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko ni kwetu, wenye ndugu. Nimefanya kazi wodini miaka 31 na wengi niliowapokea waliletwa na ndugu wanne watano kila mmoja. Ndugu walikuwepo. Hakuna aliyekuwa ameuliza, kwa sababu hiyo hiyo unayosema, kwamba hayatamkwi.

Wakala, hofu yako ya kumtia wazo hata manesi wapya huja nayo. Ondoa. Kumuuliza mtu kama anafikiria kufa hakumpandikizii jambo hilo. Wodini nilikuwa nauliza kwa neno lenyewe, na mara nyingi nilichokiona ni mabega kushuka. Usimuulize kwa mafumbo, "hivi huna mawazo mabaya?", maana swali la namna hiyo linamwelekeza ajibu hapana. Muulize huku mikono yenu ina kazi, msikodoleane macho.

Kuhusu kundi nitakusimulia jambo. Mwaka 1953 London kulikuwa na mchungaji anaitwa Chad Varah, alianzisha huduma ya simu kwa watu wanaotaka kujiua. Watu wakawa wengi, wanasubiri zamu yao waonane na mchungaji. Akapata watu wa kujitolea wakae nao pale kwenye kusubiri, wawape chai. Baada ya muda ikaonekana wengi wakishaongea na wale wa chai hawamhitaji tena mchungaji. Mwaka uliofuata akawakabidhi wao kazi yenyewe ya kusikiliza. Ndio Samaritans ya leo. Yule mama yako wa Singida ni mtu wa chai. Hakusomea chochote, lakini alijua kukaa.

Hilo kundi la mishumaa hawakai na mtu, wanamsindikiza.

Kuhusu sheria: kifungu unachokitaja kinahusu kujaribu. Mtu kuja hospitali akasema "nina mawazo haya" hajavunja chochote, na hahitaji PF3, ile fomu ya polisi, ili daktari amsikilize. Sema hivyo kwa mdogo wako, maana vijana wengi wanaogopa hapo na ndiyo maana wanakimbilia kwa wasiojulikana.

---

Mswahili_wa_Leicester

Huku Uingereza mjadala huu umetoa machozi. Kuna msichana wa miaka 14 alifariki mwaka 2017, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alisema yale aliyokuwa akionyeshwa mtandaoni yalichangia kifo chake. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya usalama mtandaoni. Mimi nina mabinti wawili, naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila sheria inabana kampuni, haiingii chumbani kukaa na mtu. Sikiliza nesi.

---

Kibe_Nakuru

Dadangu, mimi niliwahi kuwa admini wa kundi kama hilo, kwa hivyo nitaongea kama mkosaji.

Tulianza 2021 tukiwa kumi na wanne, wote wa kampasi moja, baada ya kumzika mwenzetu. Kila mtu tulimjua uso na tulijua anakaa hosteli gani. Kanuni zilikuwa mbili: hakuna kutaja njia, na ukiandika "leo" mtu anakuja mlangoni. Kanuni ya kwanza niliitoa kwenye habari za Vienna, Austria. Huko mwaka 1987 magazeti yalikubali kuacha kupamba habari za waliojiua kwenye reli ya chini ya ardhi, na visa vikashuka. Nikaona kumbe maneno yanaambukiza na pia yanaponya, inategemea unasimulia nini. Mwaka mzima kundi letu lilikuwa dawa. Wavulana wawili waliomaliza masomo juzi hawangekuwepo.

Halafu mtu akasambaza linki. Tukafika mia nne. Sasa "leo" inaandikwa na mtu wa Garissa, au wa Mwanza, na jina lake ni kikaragosi. Nani ataenda mlangoni? Nilikuwa silali. Kutwa nafuta posti za wale wanaouliza njia, usiku wanarudi kwa jina lingine. Na wale kumi na wanne wa kwanza walinyamaza mmoja mmoja, hawakutaka kuongea mbele ya umati. Waliobaki wakawa wanashindana nani ana uchungu zaidi, na ukisema leo umeamka vizuri unaonekana msaliti. Hapo ndipo nilipoogopa. Kijana akipata nafuu analazimika kuificha ili asifukuzwe na marafiki!

Nililifunga, na kabla ya kulifunga niliweka namba kila saa kwa siku tatu. Kwetu Kenya ni 1199 ya Msalaba Mwekundu, hulipi, na Befrienders Kenya 0722 178 177. Kwa watoto, huko kwenu na huku pia, ni 116. Na kwa wasomaji wa Kenya: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha kumshtaki aliyejaribu kinakiuka Katiba. Msiogope kwenda hospitali.

Ukimwondoa kakako, usimwondoe mikono mitupu. Muulize mule ndani ni nani huwa anamuuliza habari zake, jina moja tu. Kama yupo, huyo abaki naye.

---

Mzee_Kigoda

Nesi, marahaba. Nimesoma. Sikukusudia ubaya. Mdogo wangu aliondoka hivyo 1998 na nyumbani mpaka leo tunasema ilikuwa malaria.

---

Wakala_wa_Stendi

Nimerudi. Ni siku ya tatu leo.

Mzee Kigoda, pole sana baba. Nilisoma ujumbe wako kibandani nikafunga dirisha kwa muda.

Jumapili usiku nilimwambia aje tuchambue mchele, kilo tano, wa kupima sokoni wenye mawe. Ungo mmoja, yeye upande huu mimi upande ule. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu asubuhi na yote yakapotea. Nikasema tu, "Nilisoma simu yako. Unafikiria kujiua?" Mikono yake ikasimama. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika kumi na saba. Akasema, "Siku nyingine." Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Siku nyingi."

Hakukasirika kuhusu simu, nilidhani atavunja ungo. Alichoniambia ni kwamba mule hakuna anayemshangaa. Nyumbani kila akitoka chumbani mama yetu mkubwa anamuuliza chuo unarudi lini, mpaka akaona bora asitoke. Sikuwa na la kusema hapo, maana hata mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo.

Nikamuuliza la Kibe: mule ni nani huwa anakuuliza habari zako? Alifikiri sana. Katika watu mia tatu yupo mmoja, jamaa wa Mbeya, dereva wa lori, humwandikia pembeni si kundini. Akanionyesha. Meseji ya mwisho inasema "dogo, mvua huku haijakata, wewe umekula?" Wanajukwaa, nilienda jikoni nikalia kwenye kanga. Maneno yale yale ya mama wa Singida, na hawajuani.

Kundi alijitoa mwenyewe, mbele yangu, jana. Namba ya dereva imebaki. Na yule binti wa tarehe nilimuuliza kama anajua habari zake. Hajui. Anasema wengine walidhani amebadilisha namba.

Jumatatu tunaenda kliniki, hospitali ya Bombo, amekubali baada ya kumwambia la PF3. Alikuwa anaamini atatoka pale na pingu. Mama mkubwa nimemwambia chuo kisitajwe mpaka nitakapomwambia mimi.

Amelala kitandani kwangu, mimi na binti tuko kwenye mkeka. Simu yake iko juu ya kabati la vyombo. Imewaka sasa hivi. Sijainuka kwenda kuiangalia.