"Long in the tooth" inafaa kwenye risala ya kumuaga mwalimu?

mtoto_wa_Chikundi:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Huku Masasi tunamuaga mwalimu mkuu wetu, mwezi ujao anatimiza 60 kwa hiyo ndo anastaafu kwa lazima, mi nimepewa kazi ya kuandika risala ya kiingereza, sasa kuna mwenzetu kwenye kamati anang'ang'ania niandike mzee wetu ni "long in the tooth" eti ndo kiingereza cha kula chumvi nyingi. Moyo unasita, meno na risala wapi na wapi? Huyu mzee kafundisha mpaka wazazi wa wanafunzi wa sasa hivi, sitaki akae pale mbele za watu asomewe kitu cha kumshushia heshima. Nisaidieni kabla sijapeleka kuprinti.

nanguruwe2:
Usiiweke. Maana yake ni mzee, hapo mwenzako yuko sawa, ila mzee ambae muda wake umeshapita. Asili yake ni farasi. Farasi akizeeka ufizi unarudi nyuma meno yanaonekana marefu, ndo maana wanunuzi wa zamani walikuwa wanamfunua mdomo kwanza, muuzaji anaweza kukudanganya umri ila meno yanasema kweli. Na ule usemi wao kwamba farasi wa zawadi usimkague mdomoni umetoka hukohuko. Sasa mwalimu umkague meno kama mnyama wa mnadani mbele ya wanafunzi wake?

mvuvi_wa_Shangani:
Mbona kamusi zinasema tu ni mzee? Naona mnaikuza. Waingereza wenyewe wanajisemea hivyo na hata gari la siku nyingi wanaliita hivyo.

mama_Newala:
@mvuvi_wa_Shangani kujisemea ruksa. Mtu mzima akisema mwenyewe "I'm getting a bit long in the tooth for football" watu watacheka nae, ila ukimsemea wewe kijana inageuka. Na angalia hiyo "for", mara nyingi inakuja nayo, yaani umri umemtupa mkono kwa kitu fulani, mpira, kukesha kwenye muziki, kazi. Ndo ubaya wake kwenye kuaga, ni kama mnamwambia ualimu umemshinda. Chumvi nyingi ya kwetu haiko hivyo jamani, aliyekula chumvi nyingi ndo unaemwendea shauri likikushinda, ndo anaeitwa kwenye kikao cha ukoo hata kama anatembelea mkongojo, na wazee walishasema ng'ombe hazeeki maini. Kama lazima iwe nahau weka "an old hand", huyo ni mzoefu wa kazi yake, kaifanya miaka na miaka, ni sifa tupu. Kwa mfano "an old hand at teaching mathematics". Japo mi ningeandika tu kiingereza cha kawaida, risala sio lazima ipambwe.

nanguruwe2:
Naunga mkono mama. Halafu ukikutana nayo kwingine kumbuka ni "tooth", usiseme "teeth".

mtoto_wa_Chikundi:
Asanteni sana, nimeitoa. "An old hand" nimeiweka kwenye aya ya hesabu alizotufundisha, na chumvi nyingi nimeiacha kwa kiswahili kwenye shukrani za wanafunzi, maana wazazi watakuwepo na wengi kiingereza hawakisikii. Mwenye mfano wa risala ya kustaafu anirushie inbox, kamati inakaa Jumamosi.