MJADALA: Duru ya pili ya mchujo wa ugavana Georgia inamsaidia nani?

Mleta mada

Heshima kwenu wakuu.

Naleta hili la Georgia (jimbo la Marekani, siyo ile nchi ya Caucasus) kwa sababu kila msimu wa tiketi ukifika kwetu hakosi mtu wa kusema, "Tufanye kama Wamarekani, mchujo uwe wazi, na asiyefikisha nusu arudi tena kwa wananchi." Ukiisikia inapendeza. Basi tuone kwa wenyewe inakwendaje.

Sheria yao ni nyepesi. Chama kinapotafuta mgombea wa ugavana, anayevuka nusu ya kura anachukua tiketi. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi ulingoni. Na si kwenye mchujo tu, hata Novemba kwenye uchaguzi wenyewe lazima mtu avuke nusu.

Mwaka 2018 Warepublican walikuwa na wagombea watano. Tarehe 22 Mei naibu gavana, Casey Cagle, aliongoza kwa karibu asilimia 39. Brian Kemp, aliyekuwa Katibu wa Jimbo (ndiye msimamizi wa uchaguzi wa jimbo), alimfuata kwa mbali na 25.5. Hunter Hill alipata 18, Clay Tippins 12, Michael Williams akaambulia 5. Kwa sheria ya ugavana wa Kenya, Cagle angeondoka na ushindi usiku uleule. Kwa sheria ya Georgia alisubiri wiki tisa, na wiki tisa kwenye siasa ni muda wa kutosha kuchimbiwa kaburi.

Kaburi lenyewe alilichimba kwa mdomo wake. Tippins, yule wa nne, aliketi naye faraghani huku simu ikirekodi kimyakimya. Cagle akafunguka kwamba kuna muswada wa nafuu ya kodi kwa wanaochangia ada za shule binafsi, ambao mwenyewe aliuona mbovu lakini aliupitisha ili Hill asipate fedha za kampeni kutoka kwa matajiri wanaoupenda. Sauti ikavuja. Julai kikatoka kipande kingine, anasikika akilalamika kwamba mchujo ule umekuwa mashindano ya nani ana bunduki kubwa, nani ana gari kubwa na nani kichaa kuliko mwenzake. Waliolengwa walijijua, maana Kemp alikuwa na tangazo la televisheni ameketi na bunduki pembeni ya kijana anayetaka kumchumbia binti yake.

Gavana aliyekuwa anamaliza muda, Nathan Deal, akajitokeza kumwunga mkono Cagle. Siku mbili baadaye, tarehe 18 Julai, Trump akatangaza yuko na Kemp. Matokeo ya tarehe 24 Julai: Kemp 69, Cagle 31. Angalieni hapa vizuri. Cagle alipata karibu kura 237,000 mwezi Mei, na Julai, akiwa na mpinzani mmoja tu, hakufika hata 180,000. Watu wake mwenyewe walimkimbia au walibaki nyumbani.

Na huyo Deal naye aliingia kwa mlango huohuo. Mwaka 2010 Karen Handel aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 34, Deal akiwa na 23. Duru ya pili Deal akashinda kwa tofauti ya kura kama 2,500 tu. Kwa hiyo magavana wawili waliofuatana walipata tiketi baada ya kuwa wa pili.

Sasa, sheria hii ilitoka wapi? Zamani Georgia haikuhesabu kura za mchujo kichwa kwa kichwa. Kila kaunti ilikuwa na vitengo, yaani pointi ambazo aliyeongoza kwenye kaunti hiyo alizichukua zote. Kaunti 8 kubwa zilipewa vitengo 6 kila moja, 30 zilizofuata 4, na 121 zilizobaki 2. Kaunti ya Echols yenye watu wasiofika 2,000 ilikuwa na vitengo 2, na Fulton, ambako iko sehemu kubwa ya Atlanta, yenye watu zaidi ya 550,000, ilikuwa na 6. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaufuta mfumo huo kwenye kesi ya Gray na Sanders. Ndipo mbunge wa jimbo kutoka Macon, Denmark Groover, akashika bendera ya sheria ya kuvuka nusu. Huyu bwana alishindwa kiti chake mwaka 1958 na lawama akazitupa kwa wapiga kura weusi waliosimama pamoja. Miaka mingi baadaye alikiri mwenyewe, kwa kiapo, kwamba alikuwa mbaguzi na alitaka kuzuia nguvu ya kura hizo. Hesabu yake si ngumu. Weupe wakigawana kura kati ya wagombea watatu, mgombea wa weusi anaweza kuongoza. Duru ya pili inawapa weupe nafasi ya kukusanyika upya.

Sisemi kila anayeitetea leo ana moyo wa Groover. Ninachosema ni kwamba safari ya pili kituoni haihitajiki. Sheria ya uchaguzi ya 2021 ya jimbo hilohilo ilifupisha muda wa duru ya pili kutoka wiki tisa hadi nne, na kwa sababu karatasi za askari na raia walio nje ya nchi zisingewahi kwenda na kurudi, ikaamuliwa wapewe karatasi ya kupanga wagombea kwa namba: wa kwanza wangu huyu, wa pili huyu, wa tatu yule. Wakiingia wawili duru ya pili, namba za kwenye kila karatasi zinasomwa na kazi imekwisha. Kama askari aliyeko kambini Ujerumani anaaminiwa kupanga namba, mkulima wa karanga wa Georgia kusini ana tatizo gani?

Karibuni.

Mtoto wa Kisauni

Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Nenda Louisiana 1991. Kule wagombea wa vyama vyote wanaingia kapu moja. Edwin Edwards, mzee wa kashfa za rushwa, alipata asilimia 34. David Duke, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la weupe wabaguzi, 32. Gavana aliyekuwa madarakani, Buddy Roemer, 27, akatoka. Duru ya pili watu walibandika stika kwenye magari zikisema mpigie kura mwizi, ni muhimu. Wakampa mwizi 61 dhidi ya 39. Waliokuwa hawamtaki Edwards hata kumwona walishika pua wakapiga. Bila duru ya pili, jimbo zima lilikuwa pointi mbili tu kutoka mikononi mwa Duke.

Na hiyo kura ya namba isingeleta kitu kama hicho. Watu walihitaji muda wa kuingiwa na hofu.

Dada wa Marietta

Naishi hukuhuku, Kaunti ya Cobb, na Wakenya tuko wengi tu. Kaka umeeleza vizuri ila umeruka kitu ambacho mpiga kura anakutana nacho mezani.

Georgia hatujiandikishi kwa chama. Ukifika kituoni unaulizwa unataka karatasi ya nani, Democrat au Republican. Ukishachagua, umefungwa. Miaka ile ulipewa kadi ya njano unaichomeka kwenye mashine, inakuletea majina ya chama ulichotaja, basi. Mei 2018 nilichukua Democrat kwa ajili ya Stacey Abrams, ambaye alimaliza mchezo palepale kwa asilimia 76 dhidi ya Stacey Evans. Julai ilipofika, vita yenyewe ilikuwa ya Cagle na Kemp na mimi sikuruhusiwa kuigusa, kwa sababu karatasi ya Mei inakufunga hadi duru ya pili. Jirani yangu ambaye Mei alilala nyumbani, Julai aliruhusiwa kuchukua ya Republican. Asiyepiga kabisa alikuwa huru kuliko mimi niliyepiga!

Halafu Julai ni Julai. Ninalea wazee, kazi ya zamu. Unatoka alfajiri, jua kali, unaambiwa kuna kura tena. Wenzangu kazini wengi waliuliza, "Si tulishapiga?" Ulipoenda na kurudi unapewa stika yako yenye picha ya tunda la pichi, unaibandika kifuani, unaonekana umetoka kufanya jambo.

Kalamu Kavu

Mleta mada, hesabu yako inakuangusha mahali pamoja. Unasema Julai watu wa Cagle walimkimbia au walibaki nyumbani. Mchujo ule wa Republican ulikuwa na wapiga kura kama 608,000 Mei na kama 585,000 Julai. Hapo hakuna aliyebaki nyumbani kwa wingi wa kutisha. Ungetaka mfano mzuri ungetumia Desemba 2018, kiti cha Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger na John Barrow. Novemba walipiga karibu milioni 3.9. Duru ya pili hawakufika milioni 1.5. Raffensperger akashinda, na ndiye yuleyule ambaye Januari 2021 Trump alimpigia simu akimtaka amtafutie kura 11,780.

Pili, ile sauti iliyorekodiwa. Kwa mfumo wako wa namba, mambo yote yangeisha tarehe 22 Mei na Cagle huenda angekuwa gavana kabla watu hawajamsikia akieleza jinsi anavyopitisha sheria asizoziamini. Wiki tisa unazozilalamikia ndizo zilizomfichua.

Tatu, kuvuka nusu bila duru ya pili ni hatari zaidi, waulize wao wenyewe. Mwaka 1966 Wademocrat walikuwa na Ellis Arnall, Lester Maddox na Jimmy Carter, kwa mpangilio huo. Carter wa tatu akatoka. Duru ya pili Maddox, mwenye mgahawa Atlanta aliyejipatia jina kwa kuwafukuza wateja weusi, akampita Arnall. Novemba, Bo Callaway wa Republican akamwongoza Maddox kwa kura kama 3,000, lakini mashabiki wa Arnall waliandika jina lake kwa mkono na hakuna aliyefika nusu. Wakati huo katiba ililipa bunge la jimbo kazi ya kuchagua. Bunge lilijaa Wademocrat. Likampa Maddox kwa kura 182 dhidi ya 66. Aliyeongoza kwa wananchi akaenda nyumbani. Baada ya hapo ndipo wakaweka duru ya pili hata kwa Novemba.

Mleta mada

Wakuu, nawajibu kwa pamoja.

Kisauni: hata kwa kura nyingi tu Edwards angeshinda 1991, alikuwa mbele. Unachosema ni kwamba ushindi wa 61 ulikuwa na uzito wa kumtangazia Duke kuwa hatakiwi, na hapo nakubaliana nawe. Lakini wapiga kura wa Roemer walimjua Duke tangu zamani, hakuwa siri. Namba ya pili kwenye karatasi zao ingesema hivyohivyo.

Kalamu Kavu: uko sawa kwamba Julai 2018 wengi walirudi. Hoja yangu ni ya ukubwa wa kapu. Aliyechagua mgombea wa chama tawala ni watu kama 406,000, katika jimbo lenye wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 6. Novemba, Kemp alipata asilimia 50.2, Abrams 48.8, na mgombea wa chama kidogo cha Libertarian akachukua karibu 1. Kemp aliikwepa duru ya pili kwa kura zisizofika 10,000 juu ya nusu, huku yeye akiwa ndiye Katibu wa Jimbo anayesimamia uchaguzi, kiti alichokiacha siku mbili baada ya kura. Ukiweka hayo pamoja unaona ile nusu inayosifiwa imejengwa juu ya nini.

Kuhusu sauti ya Cagle sina jibu la kukuridhisha. Ni kweli muda ulimfichua. Lakini kupanga uchaguzi mzima wa pili ili labda mtu awekewe simu ya kurekodi, hilo silikubali kama sababu ya sheria. Na kwa wanaosema Trump ndiye aliyeamua: 2022 alimwunga mkono David Perdue dhidi ya huyuhuyu Kemp, Kemp akambwaga kwa karibu asilimia 74, mchezo ukaisha duru ya kwanza.

Dada wa Marietta, hilo la kufungwa na karatasi ya Mei sikulipa uzito wake. Ndilo linanitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Mtoto wa Kisauni

Haya, tuseme tumekubali namba. Nani ataziendesha huku kwetu? Aprili 2017 chama cha Jubilee kule Kenya walifuta mchujo wa siku ya kwanza kwa sababu watu walijitokeza na karatasi hazikutosha. Tanzania nako unashinda kura za maoni halafu jina linakatwa juu. Sisi hata duru ya kwanza haijatimia, babangu.

Mleta mada

Ndiyo maana tuangalie nani anashika sanduku. Georgia mchujo hauendeshwi na chama. Unaendeshwa na maofisa wa uchaguzi wa kaunti, kwa fedha za umma, vituo vilevile na mashine zilezile za Novemba. Kenya sheria tayari inaruhusu chama kiiombe IEBC, tume ya uchaguzi, iusimamie mchujo wake. Wakubwa wa vyama wengi hawaombi. Anayetaka duru ya pili ya Wamarekani aanze kuomba hilo kwanza, halafu mambo ya namba au safari ya pili tutabishana tukiwa na karatasi mkononi.

Kalamu Kavu

Hapo kwa fedha za umma ndipo utakapopigwa. Mlipa kodi asiye na chama alipie mchujo wa ODM kwa nini?