Sensa ya oksijeni inasema petroli kidogo ila plagi nyeusi, nifunge jeti kubwa?

Mwana wa Uyole: Habarini wakuu. Nina pikipiki ya cc 150, nimehamia nayo Mbeya huu mwezi wa pili natokea Dar. Kule ilikuwa fresh, huku kwenye mlima inazubaa, inakohoa, petroli inakunywa balaa. Nikapata sensa ya oksijeni ya gari, ya nyaya nne, nikaifunga nipime mchanganyiko. Mita inasoma volti 0.1 muda wote, maana yake hewa nyingi petroli kidogo. Fundi kasema tuweke meni jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kesho asubuhi anafunga. Sina amani, naombeni ushauri.

Mzee wa Plagi: Fungua plagi utuambie rangi. Mimi nimeendesha miaka 20 bila sensa, plagi ikiwa kahawia ya biskuti nalala usingizi. Niliwahi kwenda nayo Tukuyu na mvua na gunia la viazi nyuma, haikuzima hata mara moja.

Mwana wa Uyole: Nyeusi tii mzee wangu, masizi makavu yanabaki kidoleni. Ndo maana nimechanganyikiwa.

Mama Pendo: Mwanangu, kinachokuletea ugali usikifanyie majaribio. Mume wangu alibadilisha kabureta nzima kwa maneno ya kijiweni, akakaa wiki mbili bila kazi, ada ya mtoto ikaishia kwenye spea.

jeti_ndogo: Sensa umeifunga wapi?

Mwana wa Uyole: Kwenye ekzosi.

jeti_ndogo: Ekzosi ndefu mkuu. Wapi?

Mwana wa Uyole: Mkiani, nimeibana na waya nikaziba na gundi ya silensa. Sikutaka kutoboa karibu na hedi, pale ekzosi inapoanzia kwenye injini, kwa sababu pikipiki sio yangu, ni ya mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Na jeti nshalipia. Msinihukumu, hesabu ya bosi iko palepale kila siku na petroli ndo inanimaliza.

Kipara: Hii chai. Nani anasoma mita huku anapanda mlima?

Mwana wa Uyole: Mdogo wangu anakaa nyuma kashika mita, nyaya nimezipitisha chini ya siti. Jana kaungua shavu la mguu kwenye silensa, malengelenge haya hapa na dawa nimempaka mimi. Kaka, chai naitunga ya nini?

Kipara: Basi yaishe, pole kwa dogo.

jeti_ndogo: Usifunge hiyo jeti, nakuomba. Injini ya silinda moja inapumua kwa mapigo, kila moshi ukitoka hewa ya nje inavutwa kurudi mkiani, kwahiyo sensa yako inanusa hewa ya Mbeya sio moshi wa injini. Halafu inataka joto la nyuzi 300 na zaidi ndo isome, hita iliyo ndani ya sensa kama hujaiunganisha na betri hapo mkiani hupati kitu. Na injini inayokohoa kwa petroli nyingi inatoa oksijeni ambayo haikuungua, mita inakwambia petroli kidogo, uongo mtupu. Plagi ndo inasema kweli, masizi meusi ni petroli nyingi. Dar uko usawa wa bahari, Mbeya ni kama mita 1,700, hewa nyepesi, jeti ileile inakuwa kubwa. Wewe unahitaji NDOGO. Sensa mahali pake ni karibu na hedi, nati ichomelewe, iinamishwe kidogo maji yasituame. Na hiyo ya gari inajua tu umevuka volti 0.45, mpaka wa petroli kidogo na petroli nyingi, au hujavuka, haikwambii umezidisha kiasi gani.

Mwana wa Uyole: Ila fundi ana uzoefu na hela nshatoa.

Mzee wa Plagi: Hela ya jeti ni ndogo kuliko ya kushusha injini, petroli ikizidi inaosha oili kwenye silinda. Na bosi mwambie, chombo bado chake.

Mwana wa Uyole: Nimemwambia fundi asubiri. Kesho naenda kubadilishana nichukue ndogo hatua moja, nisafishe plagi, nipande mlima niitazame tena. Bosi sijampigia bado.

Mama Pendo: Mpigie leo, mwanangu.