Re: Mtaji tunaotuma nyumbani mbona haukai?

Habari zenu wote,

Dada aliyeuliza kwa nini hela anayomtumia mdogo wake inaisha na biashara iko palepale, nakuomba usikimbilie kusema kijana anakula hela. Mimi nilimlaumu wangu miaka 2 nzima, ana karakana ya kushona sare, mpaka nilipoenda likizo tukakaa tukafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Kumbe kazi ipo, tena nyingi, ila pembeni kila baada ya mistari miwili mitatu kaandika "hajalipa", "hajalipa", na deni kubwa kuliko yote ni la taasisi moja iliyochukua mzigo ikaahidi kulipa ndani ya siku 30 na sasa ulikuwa mwezi wa 7 tangu ichukue. Yeye kitambaa kashanunua kwa kesh, mafundi kashawalipa, kodi kashatoa. Hela yangu yote ilikuwa inaziba hilo pengo.

Benki nako wanataka hati ya nyumba na yeye kapanga, vikundi vya kukopeshana vinampa hela isiyotosha hata nusu ya oda. Na si yeye tu, IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, mwaka 2017 walikadiria biashara ndogo sana, ndogo na za kati zilizosajiliwa kwenye nchi zinazoendelea zinapungukiwa mikopo ya dola trilioni 5.2 kwa mwaka, hapo zisizosajiliwa hazimo. Umeme ukikatika ndo usiseme, jenereta inamaliza faida yote.

---

Asante sana kaka, umenifungua macho. Sasa nifanyeje, niache kutuma?

---

Hapana dada, usiache, badilisha namna ya kutuma. Mimi siku hizi situmi mtaji wa jumla, akipata oda nalipia malighafi ya oda hiyo tu, na mteja lazima atoe advansi nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tulipoteza wateja 2 kwa hilo, mmoja mkubwa, na iliniuma kweli, lakini waliobaki wanalipa. Halafu hela ya biashara ikae akaunti yake peke yake, isichanganyike na ada za watoto na matibabu, maana benki wakija kuomba rekodi hawatasoma daftari lenye kila kitu ndani.

Kabla hujatuma tena, mwambie akupigie picha kurasa za wanaodaiwa akutumie, uanzie hapo.