Msimbo wa pamoja wa Python: boma moja, au kila huduma na ua wake?

Fundi wa Kondele: Ndugu zangu, naleta swali ambalo limetugawa ofisini hapa Kisumu. Tuna huduma kumi na moja zilizoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, kila moja na hifadhi yake ya msimbo, pamoja na maktaba moja ya pamoja tunayoitolea matoleo. Mwezi wa Machi tulirekebisha kipande kinachosafisha namba za simu, kwa sababu kilikuwa kikikataa namba zinazoanza na 01. Marekebisho yakaingia katika toleo la 1.5, lakini huduma ya malipo ikabaki kwenye 1.4 hadi Juni, na wafugaji wa maziwa wenye laini mpya wakakosa ujumbe miezi mitatu huku sisi tukijisifu kwamba hitilafu imekwisha. Naona tuhamishie kila kitu katika hifadhi moja na tutumie Bazel, zana ya kujenga na kujaribu programu. Mnasemaje? (Folda yetu ya utils, ile ya vipande vya msimbo vya matumizi ya jumla, nayo imekuwa stoo ya mama mkwe: kila mtu anatupia humo, hakuna anayethubutu kutoa.)

Mwalimu wa Maseno: Bazel ilitoka Google, ambako nilisoma kwamba wana mistari bilioni moja katika hifadhi moja. Wahenga walituonya kuhusu kumwiga tembo, na sehemu iliyobaki ya methali hiyo mnaijua. Kampuni ya huduma kumi na moja haihitaji mtambo wa namna hiyo.

Mama Pacha, Nakuru: Stoo hiyo, kaka, niliijenga mimi kabla sijahama. Nilipoondoka ilikuwa na faili nne, kila moja na majaribio yake. Waliotupia humo vikokotoo vya riba na violezo vya barua ni nyinyi mliobaki.

Fundi wa Kondele: Dada yangu, sikukutaja jina.

Mama Pacha, Nakuru: Hukuhitaji kunitaja. Folda iliyopewa jina lisilosema kitu hukaribisha kila kitu, na kosa hilo la jina nalikubali. Uchafu siukubali.

Mtu wa Webuye: Mwalimu, bilioni moja ni faili. Mistari ilikuwa bilioni 2 na ukubwa terabaiti 86, kwa takwimu za Januari 2015. Turudi kwenye hoja. Huku kwetu kijana hujenga simba yake, yaani kibanda chake cha ujana, ndani ya boma la baba yake, wala hahamii kijiji kingine ili apate mlango wake. Hifadhi moja yaweza kubeba vifurushi vingi vyenye mipaka, na anayebadilisha maktaba akaona papo hapo majaribio ya nani yamevunjika, badala ya kusubiri hadi Juni.

Mwalimu wa Maseno: Takwimu nimekosea, hoja sijakosea. Kwa Bazel utaandika faili ya BUILD katika kila kifurushi na kutaja kila tegemezi, yaani msimbo mwingine ambao kifurushi kinauhitaji. Nani ataziandika?

Mtu wa Webuye: Basi chukueni Pants, zana nyingine ya aina hiyo, ambayo husoma mistari ya import (inayoita msimbo wa kwingine) na kukisia tegemezi nyingi yenyewe. Au anzeni na uv, zana ya kusimamia vifurushi vya Python: mnaweka vifurushi vyote katika eneo moja la kazi lenye faili moja ya kufungia matoleo. Gharama yake ni kwamba huduma moja ikidai toleo la 1 la pandas, maktaba ya kuchambua data, na nyingine toleo la 2, hamtaendelea mpaka mpatane.

Mama Pacha, Nakuru: Na mtakapopatana, nani ataidhinisha mabadiliko ya utils? Hifadhi ziwe moja au mia, folda isiyo na mwenyewe itaoza vilevile. Kila faili ingekuwa na watu wawili ambao bila idhini yao haibadilishwi, mmoja wao angeuliza mwezi wa Machi ni nani bado yuko kwenye 1.4.

Fundi wa Kondele: Hapo nakubaliana nawe, ingawa nilichouliza ni Bazel. Nimeifungua utils sasa hivi: faili sitini na tatu. Nimetazama historia ya kikokotoo cha riba, na kila mstari una jina lako, dada.

Mama Pacha, Nakuru: Tazama tarehe. Wiki yangu ya mwisho nilipitisha zana ya kupanga nafasi za mistari juu ya folda nzima, kwa hiyo historia inanionyesha mimi kila mahali. Rudi nyuma hatua moja, kisha utuandikie hapa jina utakalolikuta.

Fundi wa Kondele: Nimerudi nyuma. Tuendelee na suala la Pants.